Hapana ya Mwenye Nyumba: Mafunzo Niliyopata Nikipangisha Vyumba Mzinga

Mtu anayetafuta chumba Morogoro ana siku ndefu. Anampigia dalali, anapanda bodaboda hadi Mafiga, anavuka mji kwenda Kihonda, anarudi, kisha mtu anamwambia, "Jaribu Mzinga, huko kuna nafuu." Mpaka afike kwangu jua linazama, viatu vina tope na simu imebaki na chaji kidogo. Mimi ninapangisha vyumba huku Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, na wanaobisha hodi ni watu wa kila namna: wanafunzi wa SUA, walimu waliopangiwa shule za karibu, wanaofanya kazi katika Shirika la Mzinga, akina mama wanaoshusha ndizi na mboga kutoka milimani. Chumba kimoja kikiwa wazi wanakuja watu wengi, na anayekipata ni mmoja. Waliobaki wote ni wa kukataliwa. Namna ya kuwakataa hakuna aliyetufundisha, na ninaamini ndiyo sehemu ya kazi hii inayoonyesha mwenye nyumba ni mtu wa aina gani.

1. Jibu la leo lina heshima kuliko "nitakupigia"

Tumelelewa kuona aibu kumnyima mtu usoni. Mgeni akiomba usichoweza kumpa, unamwambia "tutaangalia", "njoo Jumamosi", "ngoja nizungumze na mzee". Kwenye mambo mengi hilo linapita na kila mmoja anaelewa. Kwenye chumba linaumiza, maana anayengoja jibu lako haendi kutafuta kwingine.

Nilimwona kijana mmoja akihangaika hivyo kwa jirani yangu, wakati wa masika. Alikuwa amekuja kuanza kazi, analala kwa rafiki, begi lake amelifunga kwa mfuko wa rambo lisilowe. Kila alipokuja aliambiwa arudi. Kila kurudi ni nauli ya bodaboda, ambayo mvua ikinyesha inapanda, na hela ya usumbufu kwa dalali anayemsindikiza. Wakati wote huo chumba kilishaahidiwa mtu mwingine. Siku ya mwisho alisimama getini akiangalia wenzake wakiingiza godoro, akasema tu, "Basi mama, ungeniambia." Jirani yangu ni mtu mwema, hata hasira hakumtolea. Aliona haya kutamka neno hapana, na kijana ndiye aliyelipia haya hiyo.

Kwangu anayekuja kuuliza haondoki uani bila jibu. Kama bado sijaamua, anaondoka na saa: "Kesho kabla ya magharibi nitakupigia, iwe ndiyo au hapana." Na ninapiga. Watu wengi hupiga simu ya ndiyo tu, ile ya hapana wanaiacha mwenzao aibashiri kwa ukimya. Simu ya hapana ndiyo yenye haraka zaidi, kwa kuwa inamwachia mtu aendelee na safari yake.

2. Masharti yatangulie chumba

Sehemu kubwa ya kukataana inaweza kumalizika kwenye simu, kabla mtu hajapanda bodaboda. Akinipigia, namweleza yote kwa mkupuo: kodi ni kiasi gani na inalipwa ya miezi mingapi, choo ni cha ndani au cha kuchangia, maji ya MORUWASA yakikatika kuna tenki au hakuna, umeme una mita ndogo ya kila chumba au mnachangia LUKU moja, geti linafungwa saa ngapi, kuku na mbuzi wanaruhusiwa au hawaruhusiwi.

Kuna jambo la kodi ya jengo pia. Tangu 2021 kodi hiyo inakatwa mtu anaponunua umeme, na kwenye nyumba za kupanga anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, wakati mdaiwa ni mwenye nyumba. Ninalisema mapema kwamba kwangu hela hiyo inarudishwa kwenye kodi ya pango. Wapo wanaoshangaa kwamba mwenye nyumba ndiye anayelitaja.

Ukimwaga yote hayo mezani, mwingine mwenyewe anasema, "Ahsante mama, hapo kwa mfuko wangu hapatoshi." Hajakataliwa na mtu.

3. Sababu iwe ya nyumba, isiwe ya mtu

Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote.

Chumba kina sababu zake. Ni kidogo, hakiwezi kukaa watu watano. Kimeshachukuliwa. Ninataka kodi ya miezi sita na wewe una ya mwezi mmoja. Kuta ni nyembamba na kazi yako ni ya kuchomelea vyuma usiku. Sababu za namna hiyo mtu anaweza kuzibeba akaenda nazo bila kujiona mchafu. Lakini nimesikia kwa masikio yangu wenye nyumba wakisema watu wa kabila fulani ni wachawi, wa dini fulani wana kelele, mwanamke asiye na mume ataleta wanaume. Maneno hayo yanamfuata mtu mpaka uzeeni.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake, mahali alipotoka, dini, jinsia au hali yake ya maisha. Wapo watakaosema Katiba haiingii uani kwangu. Mimi nasema iingie. Kama sababu yangu ya kumkataa mtu ni ile ambayo siwezi kuitamka mbele ya mwenyekiti wa mtaa, basi sina sababu, na chumba ninampa.

Kesi ngumu kuliko zote ni ya mama mwenye watoto wadogo. Alikuja mmoja, mtoto mgongoni na wengine wawili mkononi, akitaka chumba cha nyuma, kile kilicho juu ya korongo. Mvua za Uluguru zikishuka, lile korongo linajaa kwa muda mfupi sana. Maji yote ya upande huu yanakimbilia mto Mzinga na kwenda zake Bwawa la Mindu. Ukingo haukuwa na ukuta. Sikumwambia "sipangishi wenye watoto", maneno ambayo alishayasikia siku hiyo katika nyumba nyingine. Nilimshika mkono nikampeleka nyuma, nikamwonyesha ukingo na alama ya maji kwenye ukuta wa chumba, nikamwambia, "Mdogo wangu, hawa watoto hapa watanikosesha usingizi mimi na wewe." Akachungulia, akavuta watoto nyuma yake, akasema, "Kweli." Kisha tukakaa kibarazani nikampigia mama mmoja wa Magadu mwenye nyumba yenye uwanja. Ilikuwa hapana, na aliiona kwa macho yake imetoka wapi.

Na hapo pana wajibu. Ikiwa korongo ndiyo sababu, inanipasa nijenge ukuta, nisiendelee kulitumia korongo kama kisingizio mwaka hadi mwaka. Ukuta nimeujenga. Sasa wenye watoto wanapata chumba kile.

4. Anayeomba chumba hana pa kukata rufaa

Wazee wanakumbuka enzi ambazo mwenye nyumba hakuwa na sauti hivi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikaja sheria iliyoipa serikali uwezo wa kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za pango, yenye mabaraza yake ya nyumba. Hiyo nayo ilifutwa mwaka 2005. Leo kodi na masharti ni makubaliano ya watu wawili. Mpangaji aliyekwisha kuingia ana mkataba, na wakigombana wapo wa kuwasikiliza, kuanzia mtaa hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Aliyekataliwa mlangoni hana mkataba wala risiti. Kinga pekee aliyonayo ni ustaarabu wa huyo anayemkataa.

Sisemi turudi 1971. Nasema mtu ukiwa na uwezo ambao hakuna anayekuhoji juu yake, huna budi kujihoji mwenyewe.

5. Dalali asibebe hapana yako

Dalali ana kazi yake na simdharau. Analipwa kiasi cha kodi ya mwezi mmoja kwa kuleta mtu, naye ana watoto. Lakini hapana ikipita kinywani mwake inabadilika. Umemwambia "mwambie chumba kimeshapata mtu", yeye akifika barabarani, ili asionekane amempotezea mteja muda, anasema, "Yule mama hataki watu wa kwenu." Au anamwambia ukiongeza kidogo mama atalegea. Jina lako limeshachafuka hadi Msamvu na wewe uko jikoni unachambua mchicha.

Kwa hiyo namba ya mwombaji naichukua mwenyewe, na ninampigia mwenyewe. Dalali naye nampigia, nimwambie maneno yaleyale, ili asitunge yake.

6. Hela irudi na ya kutolea

Siku hizi mtu akipenda chumba anatuma hela ya kushikilia hapohapo kwa simu, kabla hata hujasema neno. Meseji inalia, ukitazama una hela ya mtu ambaye hujaamua kumpa chumba. Ukiinyamazia hadi kesho, tayari anajiona mpangaji, na kumkataa sasa kunafanana na kumtapeli.

Irudishe siku ileile, yote, uongeze na ya kutolea. Makato ya kuirudisha yawe yako. Yule aliyekutumia alikwishakatwa mara moja. Pamoja na hela, irudishe nakala ya kitambulisho cha NIDA kama alikuachia, au ichane mbele yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, makaratasi yenye sura na namba za watu uliowakataa hayana kazi kwenye kabati lako.

7. Ndugu hakataliwi kwa simu

Sisi Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba akisema neno, limesemwa. Mjomba akituma salamu kutoka Mgeta kwamba kuna kijana wa ukoo amepata chuo, anahitaji pa kulala, huwezi kumjibu kama unavyomjibu mtu wa barabarani. Wala huwezi kugawa kila chumba kwa ukoo, maana kodi hiyo ndiyo inayolipa dawa za presha na ada za wajukuu.

Nilichojifunza ni kwamba anayejibiwa ni aliyetuma, siyo kijana. Napanda mwenyewe hadi kwa mjomba, au namtuma dada yangu mkubwa ambaye maneno yake yanasikilizwa. Tunakaa, tunakula, tunauliza habari za shamba. Kisha nasema ukweli wa hesabu: chumba hiki kinanipa kiasi hiki, kinalipa hiki na hiki. Na siendi mikono mitupu. Nasema ninachoweza: nitamtafutia chumba kwa mtu ninayemwamini, nitamdhamini kwa mwezi wa kwanza, Jumapili atakula kwangu. Mjomba anaguna, anatazama chini, mwishoni anasema, "Haya, ulilokuja nalo nimelisikia." Kijana akija hana kinyongo, kwa kuwa wakubwa wameshalimaliza.

Ukimpangisha ndugu kwa kuogopa lawama, lawama utazipata tu mwezi wa tatu kodi isipoonekana, na hapo huna ndugu wala mpangaji.

8. Sababu moja, isibadilike

Mtu mwenye shida atabembeleza, na ana haki ya kubembeleza. "Mama nisaidie, nitaongeza." "Mama, hata kwa mwezi mmoja." Ukiwa na sababu ya kweli, irudie ileile kwa sauti ileile. Ukianza na "kimejaa", ukahamia "ninakarabati", ukamalizia "mwanangu anarudi kutoka Dodoma", ameshajua unadanganya, na atakaa usiku akijiuliza ana kasoro gani ambayo hukuitaja. Uongo mdogo wa kumsitiri mtu unamvua nguo zaidi ya ukweli.

9. Mkishaachana, usimsimulie

Mwenyekiti wa mtaa anapaswa kujua wapangaji wangu ni akina nani. Hilo ni la usalama. Hapaswi kujua niliowakataa na kwa nini. Wala hawapaswi wenye nyumba wenzangu pale gengeni. Neno "huyo nilimkatalia mimi" linatosha kumfungia mtu milango ya mtaa mzima, hata kama nilimkatalia kwa sababu ya ukubwa wa kitanda chake. Nikimtaja, namtaja kwa kumwombea nafasi: kuna mwalimu, mtu mtulivu, anatafuta chumba na sebule, una kitu?

Na Mzinga ni padogo. Muuguzi niliyemwambia hapana mwaka juzi ndiye aliyenipima presha mwaka jana, akanisalimia shikamoo mama kwa moyo mweupe. Namba za watu kama yeye, kwa idhini yao, nimeziandika nyuma ya daftari la kodi. Chumba kikibaki wazi nawapigia hao kwanza, kabla ya kumwambia dalali yeyote. Wengi wanakuwa wameshapata pengine, na wanachukua muda wa simu hiyo kuniuliza kama nina nafasi kwa mdogo wao.