Sili Mpya Haidumu Kwenye Shafti Iliyochimbika

Mahindi yakishakauka Rhotia na Mbulumbulu, huku Karatu, trekta huacha plau na kusimama uwanjani kutwa nzima, ikizungusha mashine ya kupukuchua kwa shafti ya PTO. Makapi na vumbi jekundu hunata kwenye mafuta yanayolowanisha mdomo wa oili sili. Mdomo huo ni mpira laini, lakini chembe za mchanga zikishanasa humo zinakula chuma kama msasa. Miaka ikipita, shafti inachimbika mfereji mwembamba unaoizunguka. Ukifunga sili mpya, mdomo wake unatumbukia katika mfereji uleule, na mafuta yanaanza tena kuchuruzika kabla msimu haujaisha. Mwenye trekta analaumu duka la spea. Sili mbovu zipo kweli, ila mara nyingi ugonjwa uko kwenye shafti.

Sikubaliani na wanaosema uvujaji mdogo dawa yake ni kuongeza mafuta tu. Kwenye Massey Ferguson 135, mafuta ya giaboksi na ya haidroliki ni hayohayo. Yakipungua, hata mikono ya kunyanyulia plau inakosa nguvu. Yakivuja kwenye ekseli ya nyuma yanalowanisha breki. Hebu fikiria trela lililojaa magunia likiteremka mteremko wa Oldeani, na breki zimelowa mafuta.

Kabla ya kununua chochote, zima injini, chomoa sili ya zamani, futa shafti kwa petroli, kisha pitisha ukucha kwa urefu juu ya alama iliyoachwa na mdomo wa sili. Ukucha usipokwama, msasa laini wa namba 400 au 600 wenye mafuta unatosha. Sugua kwa kuzunguka shafti, usisugue kwa urefu, maana mikwaruzo ya urefu inakuwa njia ya mafuta kutokea. Ukucha ukikwama, shafti imechimbika na inahitaji kutengenezwa.

Hapohapo shika shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na hakuna sili inayoweza kuifuata shafti inayoyumba. Kagua pia tundu la kupumulia la giaboksi. Vumbi la huku huliziba, mafuta yanapopata moto presha inapanda, na presha hiyo inasukuma mafuta kupitia hata sili nzima.

Kwa shafti iliyochimbika, njia ya kwanza haina gharama: sogeza sili. Nyumba yake ikiwa na nafasi, isimamishe milimita mbili au tatu ndani au nje ya pale ilipokuwa, ili mdomo ukae kwenye chuma kisichochimbika. Hakikisha tu hujaziba tundu la mafuta na sili haijakaa upande. Shafti ya PTO huzunguka mara 540 kwa dakika, mwendo ambao si mkali kwa sili, kwa hiyo njia hii huitosha. Krenki inayozunguka mara 2,000 inataka uso safi zaidi, na hapo nisingebahatisha.

Nafasi isipokuwepo, tafuta slivu nyembamba ya chuma cha pua ya kuvika juu ya mfereji. Unene wake ni kama milimita 0.28 tu, kwa hiyo sili ya saizi ileile inaendelea kutumika. Pima shafti mahali ambapo sili haikugusa, kwa pande tofauti, ndipo uagize. Kumbuka kwamba trekta za zamani za Uingereza, kama Massey Ferguson na Ford, nyingi zilipimwa kwa inchi, wakati Valmet zilizounganishwa Kibaha miaka ya 1980 ni za milimita. Namba tatu zilizoandikwa kwenye sili ni kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na upana. Mfereji ukiwa na kina, ujaze gundi ya chuma ya kuchanganya, kisha vika slivu gundi ikiwa bado mbichi. Upande wenye ukingo ndio unaotangulia. Gonga taratibu kwa kikombe kilichokuja na slivu, kamwe usiigonge moja kwa moja kwa nyundo.

Fundi mchongaji ndiye wa mwisho, na pengine utamfuata hadi Arusha, kilomita zipatazo 140. Atapunguza shafti, avike bushi, kisha aichonge irudi kwenye kipenyo cha awali. Mwambie asiache kona kali pale alipopunguza, kwa sababu ufa huanzia hapo. Mwambie pia amalizie kwa kung'arisha, asiache mistari ya kuzunguka kama nyuzi za skrubu. Mistari hiyo, ikielekea vibaya, inapampu mafuta nje hata sili iwe nzuri namna gani. Kuhusu kuchomelea mfereji kwa welding, mimi napinga: moto unalegeza ugumu wa chuma na unaweza kuipinda shafti.

Siku ya kufunga, meno ya shafti ya PTO ndiyo adui. Yanakata mdomo wa sili mpya bila wewe kujua. Yafunge kwa nailoni laini, paka mafuta juu yake, ndipo upitishe sili, upande wenye springi ukitazama mafuta. Mdomo wenyewe uloweshe mafuta ya giaboksi, usianze kuzunguka ukiwa mkavu. Silikoni, kama lazima, iwe kidogo tu kwenye ukingo wa nje wa sili.

Na ukiwa dukani, omba sili yenye mdomo wa pili wa kuzuia vumbi, ujaze grisi katikati ya midomo miwili. Kwa vumbi la Karatu, singefunga ya mdomo mmoja kwenye PTO kama hiyo nyingine inapatikana.