Usimtibu ndugu yako kwa kubahatisha

Ndugu Waislamu, mtu yuko Kitandililo, kule Makambako, anakohoa wiki ya tatu sasa, usiku anatoka jasho, nguo zimeanza kumpwaya. Anawaandikia jamaa zake wa mjini kwa simu. Majibu hayakawii: huyu anasema ni taifodi, yule anasema amerogwa, wa tatu anamwagiza habasoda na asali. Wote wanampenda. Hakuna aliyemwambia akapime kifua kikuu, ilhali dalili ndizo hizo. VVU ndiyo kabisa, hakuna aliyethubutu kuitaja, na Njombe ndiyo iliyoongoza kwa maambukizi katika utafiti wa kitaifa wa 2022/23, asilimia 12.7 ya watu wazima.

Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hapana, maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari alisema wao ndio waliomuua, mbona hawakuuliza ikiwa hawajui?

Hawakuwa maadui zake wale. Walikuwa wenzake wa safari. Na katika hadithi nyingine, anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara.

Habasoda ina hadithi sahihi, sikatai, lakini haipimi makohozi. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali hazilipiwi. Jamaa yule angejibiwa tu: "Sijui, ndugu yangu. Kesho nenda ukapimwe, nauli nakutumia."