"Karatasi" Isiyo Karatasi: Istilahi na Ukusanyaji wa Plastiki Laini Mjini Isiolo

Makala haya mafupi yanadai kuwa ukusanyaji wa plastiki laini huanzia katika neno. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini vifungashio vya viwandani, kama vile vya mkate na maziwa, viliruhusiwa. Isiolo ni mji wa wafugaji. Kifungashio kinachopeperushwa na upepo huweza kuliwa na mbuzi au ngamia, kikajisokota tumboni bila kumeng'enywa, na mnyama akadhoofika hata kufa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaagiza taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Hapa ndipo lugha inapotatiza. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, mfuko wa nailoni huitwa pia "karatasi". Je, anayeambiwa atie karatasi katika pipa hili na plastiki katika lile, mfuko huo atautia wapi? Plastiki laini hurejelezwa kwa kuoshwa, kukaushwa na kuyeyushwa kuwa punje. Ikichanganyika na karatasi, zote mbili hupungua thamani.

Tunapendekeza mapipa yaandikwe "plastiki laini", pamoja na mifano inayofahamika: juala, mfuko wa mkate, pakiti laini ya maziwa. Mchango huu mwanafunzi wa Kiswahili anaumudu.