Baada ya “Alhamdulillahi”: Kupima Afya ya Akili Kwetu Pundanhar



Ndugu wasomaji, kwetu Pundanhar, wilaya ya Palma, muulize mtu hali yake, hata kama amekimbia vita na kuacha shamba na nyumba, atakujibu, “Alhamdulillahi.” Jibu hilo ni adabu kwa Mola, si taarifa ya afya. Mtafiti asiyelijua hilo ataandika kwamba mtu huyu ni mzima.

Watafiti hupimaje jambo lisiloonekana kwenye damu? Hutumia dodoso. Shirika la Afya Duniani lina SRQ-20, maswali 20 ya ndiyo au hapana kuhusu usingizi, hamu ya kula, hofu na mengineyo. PHQ-9 ina maswali 9 juu ya wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Ubora wa maisha una WHOQOL-BREF, maswali 26 katika nyanja nne: mwili, nafsi, mahusiano na mazingira.

Ugumu wa kwanza ni lugha. Ofisini ni Kireno, nyumbani ni Kimakwe, Kimakonde, Kimwani au Kiswahili. Kutafsiri neno kwa neno hakutoshi. Nchini Tanzania, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti wa dodoso la vipengele 19 la kutambua sonona, lililotengenezwa huko huko.

Ugumu wa pili ni vita vilivyoanza Oktoba 2017. Mtu halali kwa sababu anasikilizia mashambulizi. Alama zake ziko juu. Je, ni mgonjwa, au ana hofu ya haki? Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake. Mtu wa kwanza anahitaji pia usalama na chakula, si dawa peke yake. Kwa hiyo alama si hukumu, ni mlango wa mazungumzo.

Ugumu wa tatu tunautengeneza wenyewe, tunaposema kuwa mwenye huzuni imani yake ni dhaifu. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii mwenye subira. Mtume (s.a.w.) alijikinga kwa Allah na hamm na hazan, wanavyuoni wameeleza kuwa hamm ni wasiwasi wa yajayo, na hazan ni huzuni ya yaliyopita. Yaliyoombewa kinga si aibu kuyataja. Kumjibu mhudumu wa afya kwa ukweli si kumlalamikia Mola.

Basi ukitumwa kukusanya majibu, pokea “Alhamdulillahi” kwa heshima, kisha uliza tena taratibu: “Jana usiku umelala? Umekula?” Uliza faraghani, kwa lugha ya nyumbani. Majibu ni amana. Akikuambia anatamani kufa, usiandike namba ukaondoka; kaa naye, mfikishe kwa mhudumu wa afya.

Maswali ya darasa:
1. Katika lugha yenu ya nyumbani, watu husemaje wanapolemewa na mawazo?
2. Ni jibu gani la adabu linaloweza kuficha maradhi?

Wabillahi tawfiq.