Mshale Uelekee Wapi? Modeli ya Njia kwa Miraba Midogo Sehemu katika Isimujamii

Mwelekeo wa msemaji kuhusu lugha haupimiki moja kwa moja. Hudhihirika kupitia majibu yake katika hojaji. Modeli ya njia kwa miraba midogo sehemu, iliyoasisiwa na mwanatakwimu Herman Wold wa Uswidi, huvipa viashiria uzito, ikaviunganisha na vigeu fiche, kisha hukadiria athari ya kigeu kimoja kwa kingine.

Mtafiti anayechunguza iwapo mwelekeo huathiri matumizi ya Kiswahili mijini Thika na Ruiru hukabiliwa na uamuzi mgumu: mishale ielekee wapi? Fahari na hamu ya kujifunza ni dalili za mwelekeo. Hupanda na kushuka pamoja, hivyo mshale hutoka kwenye mwelekeo. Matumizi ni kinyume. Mkazi wa Ruiru aweza kuzungumza Kikuyu nyumbani, Sheng' ndani ya matatu na Kiswahili kiwandani. Viashiria vya nyanja hizo si lazima viwiane. Kwa pamoja ndivyo vinavyoyaunda matumizi. Anayekifuta cha nyumbani kwa kuwa hakiwiani na vingine hasafishi data, bali anaibadilisha dhana yenyewe, na (ole wake!) programu ya kompyuta haitamwonya. Wala uwezo wa mbinu hii kukubali sampuli ndogo usiwe kisingizio cha kuwahoji wanafunzi wa darasa moja, kisha kudai kwamba miji yote miwili imesema.