Viza ya Kawaida na Viza ya Biashara kwa Safari Fupi za Kazi

Imekuwa desturi kwa baadhi ya wenye mahoteli, makampuni na hata taasisi za umma kuwaalika wageni kutoka nchi za nje kuja kufanya kazi ya siku tano au kumi, kisha kuwaachia wageni hao wachague wenyewe aina ya viza. Mgeni hutazama bei. Viza ya kawaida, ambayo wengi huiita viza ya utalii, hulipiwa Dola za Kimarekani 50, ilhali viza ya biashara hulipiwa Dola 250. Zote mbili huruhusu ukaazi usiozidi miezi mitatu. Kwa hiyo kosa hutendeka kabla mgeni hajapanda ndege, na aghalabu mwenyeji ndiye chanzo chake.

Uhamiaji ni jambo la Muungano, na kanuni inayotumika katika Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume ndiyo ile ile inayotumika Dar es Salaam. Viza ya kawaida ni ya matembezi, mapumziko, kuwazuru jamaa, matibabu na mengineyo ya aina hiyo. Viza ya biashara ni ya mtu anayekuja kwa muda mfupi kushughulikia biashara au kufanya kazi ya utaalamu wake, kama vile kutengeneza mitambo, kutoa ushauri au kuendesha mafunzo. Kinachopimwa ni shughuli; wingi wa siku hauingii katika mizani hiyo.

Tuchukulie mfano wa hoteli iliyoko Nungwi ambayo mtambo wake wa kuondoa chumvi katika maji umeharibika, na kiwanda kilichouuza kimemleta fundi kutoka India kwa siku nne. Fundi huyo husema kwamba mshahara wake unalipwa kwao na hapa hapokei hata senti. Hoja hiyo huwaridhisha wengi, lakini haina nguvu, kwani mikono inayoufungua mtambo iko Nungwi. Kule kuogelea kwake jioni baada ya kazi hakumgeuzi kuwa mtalii. Akikutwa kazini na viza ya kawaida, kazi husimama papo hapo. Hoteli hubaki na mtambo uliofunguliwa, vyuma chini, na wageni wasio na maji. Juu ya hayo sheria imeweka faini, kifungo na kuondoshwa nchini, na mwenyeji naye aweza kuulizwa. Dola 200 zilizookolewa hazilipi hata sehemu ya hasara hiyo.

Anayekuja kwa kazi kisha akataka kupumzika wiki moja Jambiani, aombe viza ya biashara, maana kazi ndiyo iliyomleta. Mwalimu wa yoga anayeendesha darasa hotelini, mpiga picha aliyekodiwa kwa matangazo, na kijana anayejitolea kufundisha skuli, wote hawa si watalii, japokuwa wa mwisho hapati malipo. Anayejitolea ana utaratibu wake wa kibali, na mwenyeji wake auulize mapema.

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda hawahitaji viza kuingia nchini. Wapo wanaodhani kwamba msamaha huo ni ruhusa ya kufanya kazi. Sivyo.

Kwa upande wa Zanzibar liko jambo jengine linalosahauliwa. Ajira si jambo la Muungano. Vibali vya kazi kwa wageni huku Visiwani vinaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Mwenyeji asitosheke na viza pekee, bali aulize Kamisheni ya Kazi kabla ya tiketi kukatwa.

Watumishi wa Serikali wanaosafiri nje nao wasichukue mizani ya hapa kwenda nayo huko. Uingereza viza moja ya mgeni hubeba matembezi na mikutano ya kikazi, lakini haimruhusu mtu kushika ajira. Marekani hutenganisha B-1 ya shughuli za kibiashara na B-2 ya matembezi, ingawa mara nyingi hutolewa pamoja.

Barua ya mwaliko itaje kazi yenyewe kwa jina lake, mahali itakapofanyika, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na nani atamlipa mgeni. Neno “ziara” pekee halitoshi.