Gari lenye ubovu: ulinunue au uliache?

Umepata gari lililotumika, na muuzaji amekutajia ubovu wake. Kabla ya kulipa:

• Anza chini. Hapa Tongoni hewa ya chumvi hula bati haraka. Chesisi ikishaoza kwa kutu, liache.
• Liwashe injini ikiwa baridi. Moshi mweupe usiokoma na maji kupungua kwenye rejeta huashiria gasketi imeungua.
• Nenda na fundi wako, si wa muuzaji.
• Jumlisha bei, vipuri na ufundi. Jumla ikifikia bei ya gari zima, usinunue.
• Breki au usukani mbovu? Vitengenezwe kwanza, ndipo ushike barabara ya Pangani.
• Hakiki kadi na faini za trafiki, kisha hamisha umiliki TRA.